Kambare wa Edo na samaki wa Bonde la Ufa

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855 ardhi ilitikisika chini ya Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo. Nyumba zikaanguka, taa za mafuta zikapinduka, moto ukahama mtaa hadi mtaa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya watu 7,000 na 10,000. Siku chache baadaye, watu wakiwa bado wanafukua vifusi, wachuuzi walianza kupita mitaani wakiuza karatasi zenye picha ya samaki mmoja: kambare mwenye sharubu ndefu, mkubwa kuliko nyumba, macho yake kama ya mtu aliyefumaniwa.

Wajapani wa zama hizo walisimuliana kwamba chini ya visiwa vyao amelala kambare, na kila akijigeuza nchi hutetemeka. Mungu wa hekalu la Kashima ndiye mwenye kazi ya kumkandamiza kwa jiwe. Jiwe lenyewe lipo hadi leo kwenye viwanja vya hekalu hilo, na kinachoonekana juu ya udongo ni kichwa chake tu. Sasa, kwa kalenda yao ya zamani, tetemeko lile lilitokea katika mwezi ambao miungu yote huondoka kwenda kukutana Izumo. Zamu aliachiwa Ebisu, mungu wa wavuvi. Katika picha nyingi Ebisu amesinzia, na kambare amepata nafasi yake.

Zilichapwa zaidi ya aina 200 za picha hizo, na ukizitazama kwa utulivu utaona habari ya mji mzima ndani yake. Katika moja, watu waliopoteza ndugu na mali wamemzingira kambare na kumpiga kwa chochote kilicho mkononi. Pembeni wanakimbia mafundi seremala, wapiga plasta na waezekaji, wanakuja kumwokoa, maana baada ya tetemeko kazi zilikuwa tele na ujira ulipanda. Katika nyingine tajiri anatapika sarafu, na vibarua wanaziokota. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ilikuwa na utaratibu wa kukagua kila picha kabla haijachapwa. Hizi hazikupita kwa mkaguzi, ndiyo maana nyingi hazina jina la mchoraji wala mhuri. Baada ya miezi miwili hivi wakuu wa mji walizipiga marufuku na vibao vilivyotumika kuzichapa vikaharibiwa. Karatasi zilikuwa zimeshatawanyika majumbani, na huko zikabaki.

Kwa msomaji wa Mbeya kambare huyo hana ugeni mkubwa. Tunaishi mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: mmoja unaelekea Rukwa, mmoja unashuka Ziwa Nyasa, na mmoja unatokea kaskazini-mashariki kwenye mbuga za Usangu. Mlima Rungwe umesimama kwenye makutano hayo, na jirani yake Kyejo alimwaga lava mara ya mwisho takriban mwaka 1800. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Na Desemba 2009, Karonga ya Malawi ilipotikisika mfululizo, mitikisiko ilisikika hadi upande wetu wa mto Songwe.

Ila huku mambo yamekwenda kinyume. Kule walisema samaki ndiye anayepasua nchi. Hapa nchi ilipasuka kwanza, na samaki wakazaliwa ndani ya ufa. Sakafu ya bonde ilizama, maji yakaingia, likapatikana ziwa lenye kina cha takriban mita 700, na kwa muda mrefu usiohesabika kwa vizazi vya binadamu samaki wake wakagawanyika aina kwa aina. Leo Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, zaidi ya 800, na sehemu kubwa ya hao hawapatikani pengine popote. Mwamba mmoja wa ufukweni Matema una samaki ambao hutawakuta kwenye mchanga ulio mita chache tu kutoka hapo.

Utajiri wote huo hauna picha mikononi mwetu. Mtoto wa Kyela anamjua mbasa kwa ladha yake, na mtoto wa Iringa mjini hamjui hata kwa sura. Usipa tunawapima kwa kopo na sado, tunawakaanga, tunawasifu kwa utamu, lakini ni nani aliyewahi kukaa akamchora usipa mmoja vizuri, na pezi lake na mstari wa fedha ubavuni, ili mtu amtundike sebuleni? Japani walifanya hivyo kwa samaki wao, na hawakufanya kwa ajili ya mabwana peke yao.

Anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa Edo mwaka 1797 katika familia ya wasimamizi wa zimamoto, akafariki mwaka 1858. Wengi wanamjua kwa picha zake za barabara na mvua. Mimi napenda zaidi samaki wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 chama cha washairi wa mji huo, waliokuwa wakitunga mashairi mafupi ya uchangamfu, kilimwagiza picha za samaki ili mashairi yao yachapwe juu yake. Alichora kumi, na miaka michache baadaye mchapishaji mwingine akaongeza nyingine kumi. Humo mna changu mwekundu, jodari, mkizi, gayogayo, bunju mwenye sumu, panzi wa baharini, kamba, kaa. Karibu kila samaki amewekewa mmea au ua la msimu wake: mkizi kando ya ua la kamelia, changu na majani ya kiungo, jodari na majani ya porini. Mlaji wa Edo akiangalia alijua papo hapo ni mwezi gani samaki huyo ananona, na alikumbuka bei yake sokoni. Jodari wa kwanza wa mwaka waligombaniwa kwa fedha ambazo mtu wa kawaida angezitafuta kwa majuma.

Waswahili wa pwani wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, kwa kuwa mkizi akishtuka huruka, na akiruka huangukia mtumbwini. Hiroshige naye alimjua mkizi kwa jicho la namna hiyo. Samaki wake ni wa sokoni, wana uzito, magamba yao yana unyevu, na mara nyingi mdomo uko wazi kidogo. Huwezi kumchora samaki hivyo kama humli.

Soko lenyewe lilikuwa Nihonbashi, kwenye daraja lililokuwa kitovu cha mji. Hiroshige alilichora mwaka 1833 au 1834, katika picha ya kwanza ya mfululizo wake wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido. Ni alfajiri. Msafara wa bwana mkubwa unapanda darajani na mikuki yake, na mbele kabisa, upande wa kushoto, wachuuzi wa samaki wamebeba matenga kwenye mizega wakipisha njia. Mchoraji amewaweka wachuuzi karibu nasi kuliko bwana. Soko hilo lilidumu karibu karne tatu, hadi tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 lilipoliteketeza, biashara ikahamia Tsukiji, na mwaka 2018 ikahamia tena Toyosu.

Kazi ya kutengeneza picha moja ilipita mikono minne. Mchapishaji alitoa mtaji na kubashiri soko. Mchoraji alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliigandisha karatasi hiyo kifudifudi juu ya kibao cha mti wa mcheri wa milimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, kisha akakata kila kisichokuwa mstari. Mchoro wa asili uliangamia hapo hapo chini ya kisu. Baada ya kibao cha mistari vilichongwa vibao vingine, kimoja kwa kila rangi, vyote vikiwa na alama mbili ndogo pembeni za kuegemeza karatasi, rangi isije ikatoka nje ya mstari. Mchapaji alipaka rangi iliyochanganywa na uji wa mchele, akalaza karatasi yenye unyevu, akasugua mgongoni mwake kwa kisuguo cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Hapakuwa na mashine wala shinikizo la chuma, ni uzito wa bega tu.

Tazama mgongo wa jodari katika picha hizo. Juu ni buluu nzito. Ukishuka ubavuni buluu inapungua, inapungua, hadi tumboni ambako karatasi imeachwa nyeupe. Hakuna brashi iliyopita hapo. Mchapaji alilowanisha kibao kwa kitambaa, akaweka rangi upande mmoja tu na kuiacha itambae majini, na kila karatasi aliifanyia hivyo upya. Rangi za buluu zenyewe zilibadilika katika miaka hiyo: buluu ya viwandani kutoka Ulaya ilishuka bei, na ndiyo iliyompa mchoraji Hokusai bahari ya lile wimbi lake kubwa la takriban mwaka 1831, ambalo tangu Julai 2024 limo kwenye noti ya yeni 1,000. Kwa picha za gharama walinyunyiza ulanga, yale madini yanayometameta, ili magamba yang'ae mtu akiisogeza karatasi kwenye mwanga. Karne moja baadaye Ono Bakufu, aliyeishi kati ya 1888 na 1976, aliitumia mbinu ya namna hiyo katika mkusanyo wake wa samaki wa Japani ulioanza kutoka mwaka 1937. Samaki wake wanaogelea, wana maji juu yao na mchanga chini yao, na ukiwaangalia unasahau kwamba vyote hivyo vimetoka kwenye mbao.

Pamoja na kazi yote hiyo, karatasi moja ya kawaida iliuzwa kwa bei inayokaribiana na bakuli la tambi. Ingekuwa anasa, isingebandikwa kwenye ukuta wa seremala.

Huku kwetu samaki wa Nyasa walipata wachoraji pia, lakini mbali na hapa. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la wakoloni wa Kijerumani, alikaa kwenye kituo cha Langenburg ufukweni mwa ziwa kuelekea mwisho wa karne ya 19. Alikusanya mimea, wadudu na samaki, akavipeleka Berlin. Miaka ya 1920 Ernst Ahl wa makumbusho ya huko aliwaeleza samaki hao kisayansi, na mmoja akapewa jina la daktari yule: Labeotropheus fuelleborni. Ni samaki wa miambani, pua yake ya nyama imening'inia juu ya mdomo, na mdomo umetazama chini ili akwangue mwani bila kuinua mkia. Anafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya, Marekani na Japani kwenyewe. Wavuvi waliomtoa majini wakampa daktari hawakuandikwa kwenye jina lolote.

Linganisha na daktari mwingine Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, aliyefika Nagasaki mwaka 1823 akiwa mwajiriwa wa Waholanzi. Yeye pia alikusanya samaki na kuwapeleka Ulaya, na sehemu ya samaki ya kitabu chake kikubwa cha wanyama wa Japani ilitoka kati ya 1843 na 1850. Tofauti ni kwamba aliyewachora samaki wangali wabichi, kabla rangi haijawatoka, alikuwa mchoraji wa mji huo huo, Kawahara Keiga. Michoro yake ipo Leiden hadi leo, na jina lake linatajwa pamoja nayo. Keiga alikuwepo kwa sababu nchi yake ilikuwa na karakana, wino, karatasi na wateja wa picha. Fundi hatokei peke yake, huota palipo na kazi.

Si kwamba sisi hatujui chapa. Khanga za mwanzo za pwani, karne ya 19, zilipigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, na katikati ya karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa khanga na vitenge kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Samaki naye tuliwahi kuwa naye mfukoni, sote, tajiri na maskini. Sarafu ya senti tano iliyotolewa mwaka 1966, ile yenye pembe 12, upande mmoja ilikuwa na sulisuli, na pezi lake pana la mgongoni na mdomo uliochongoka. Alikuwa samaki wa baharini, lakini wazee wa Tukuyu na Mafinga ambao hawakuwahi kuiona bahari walimjua kwa sura kwa sababu ya senti tano. Picha ndogo ya shaba ilitosha.

Kisha akaja Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, aliyeanza mwaka 1968 kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta kwenye mbao za bei rahisi, akafariki mwaka 1972 akiwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wamejaza samaki kwenye picha zao, na Wajapani ni miongoni mwa wapenzi wakubwa wa sanaa hiyo. Nadhani wanauona ndani yake ule mstari mweusi na rangi bapa waliyokua nayo. Hata hivyo samaki wa Tingatinga mara nyingi ni samaki wa jumla. Ni wazuri, wana furaha, lakini huwezi kusema huyu ni nani na huvuliwa wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo pengo lilipo.

Vifaa vya kuliziba havihitaji kusafirishwa mbali. Iringa mjini, kituo cha Neema Crafts, kilichoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, kinatengeneza karatasi kwa mkono kutokana na kinyesi cha tembo. Nyuzi za majani ambayo tembo ameyatafuna zinachemshwa, zinapondwa, zinatandazwa kwenye chekeche na kukaushwa. Karatasi ya Japani hutokana na maganda ya ndani ya mti wa jamii ya mforosadi, lakini kanuni ni ile ile, nyuzi ndefu zilizoshikana majini. Mufindi kuna Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya misitu ya kupandwa nchini. Msonobari wake ni laini mno kwa mstari mwembamba wa sharubu, ila kwa vibao vya rangi, vyenye sehemu pana, mwanafunzi anaweza kujifunzia bila hofu ya gharama.

Na kwa asiyejua kuchonga kabisa, Wajapani walikuwa na njia nyingine, iliyoenea katikati ya karne ya 19 miongoni mwa wavuvi wa eneo la Shonai: samaki mwenyewe ndiye anakuwa kibao. Chukua perege wa bwawa la Mtera, wa ukubwa wa kiganja na nusu, kabla hajaparuliwa. Msugue kwa chumvi mpaka ute wote uishe, msuuze, umkaushe kwa kitambaa hata ndani ya matamvua. Mlaze ubavu juu ya mchanga au udongo, ufungue mapezi kwa pini, maana ile miiba ya mgongoni ikilala picha imekufa. Paka wino wa masizi kwa brashi kutoka kichwani kuelekea mkiani, kisha rudi kinyume kidogo ili wino uingie chini ya ukingo wa magamba. Jicho liache. Weka karatasi nyembamba yenye unyevu, bonyeza kwa vidole, polepole, ukifuata umbo la mwili, usiiburute. Ukiinua, kila gamba limejiandika, na mstari wa ubavuni unaonekana ulivyokatika vipande viwili, kama ilivyo kwa jamii ya perege. Jicho lichore mwenyewe kwa mkono. Wavuvi wa Shonai waliongeza tarehe, mahali na jina la mvuvi, na picha ikawa ushahidi wa ukubwa wa samaki.

Kambare hafai kwa njia hii, hana magamba, anatoka doa jeusi tu. Yeye anahitaji kisu na kibao. Kambare wa kinamasi cha Ihefu anayejizika matopeni maji ya Usangu yakikauka na kuvuta hewa ya juu mpaka mvua irudi, kisha mafuriko yakimchukua anashuka na Ruaha Mkuu hadi Mtera, ana hadithi ya kutosha vibao ishirini, na maji yake yanaunganisha mikoa yetu miwili, Mbeya na Iringa, bila kuomba kibali.

Lakini mimi, nikiulizwa kianze kibao gani, nitasema mbasa. Anaishi Nyasa peke yake. Mwili wake ni mrefu, wa fedha, anaenda mbio kwenye maji ya wazi, na wakati wa kutaga anaacha ziwa na kupanda mitoni dhidi ya mkondo hadi kwenye changarawe safi. Hapo ndipo anapopatikana kwa urahisi kupita kiasi: nyavu zinafungwa kwenye midomo ya mito, na mchanga unaoporomoka kutoka mashamba ya kando unafunika mahali pa mayai. Wahifadhi wamemweka kwenye orodha ya samaki walio hatarini. Kila Jumamosi Lyulilo, jirani na Matema, akina mama wa Kikisi wanashusha vyungu kutoka mitumbwini na watu wanakuja kununua kutoka vijiji vya mbali. Hapo pana mteja, pana fundi anayejua udongo na mstari, na pana samaki. Chapa ya mbasa iuzwe hapo, karibu na vyungu, kwa bei ya sahani ya wali, ikiwa na jina la mto aliopanda na mwezi aliopanda, maana mwezi huo ndio wa kuziondoa nyavu.